Magazini Kutoka si Bastola Kuwa Tupu

Miaka ya nyuma nilifanya kazi Kitale, na Ijumaa nyingi nikiteremka Bungoma kwa ami yangu, mfanyabiashara wa mahindi. Kwa sababu ya kubeba pesa njiani, aliomba leseni ya bastola akapewa. Siku moja baada ya alasiri aliitoa aisafishe, watoto wakicheza papo hapo mkekani. Akachomoa magazini, akaiweka kando, akaniambia, "Sasa haina kitu, mwanangu." Nami nikaamini.

Alipovuta nyuma kile chuma cha juu, risasi moja ikadondoka sakafuni.

Hakuna aliyepiga kelele. Ami alinyamaza, akasema alhamdulillahi, kisha akawatoa watoto wote nje. Naandika haya kwa kuwa hata huku Mombasa wapo ndugu zetu wenye leseni, na kosa lile ni jepesi mno kulifanya.

Magazini ni ghala tu. Risasi ikishapanda chemba, kuchomoa magazini hakuitoi, na bastola nyingi hufyatuka hata bila magazini. Tena zipo aina ambazo lazima ubonyeze kifyatuo ndipo zifunguke. Hapo ndipo mtu hujipiga mkono, au humpiga aliye chumba cha pili.

Basi utaratibu ni huu. Elekeza mdomo wa bastola pasipo na mtu, kidole kikae mbali na kifyatuo. Toa magazini kwanza, halafu vuta chuma cha juu ili kilichomo chemba kitoke. Ukigeuza mpangilio huo, magazini itapandisha risasi nyingine. Angalia chemba kwa macho, kisha itie kidole uhakikishe. Risasi zote zipeleke chumba kingine. Hapo ndipo uifungue kwa kufuata kijitabu cha aliyeitengeneza.

Kusafisha kwenyewe si kazi kubwa. Brashi yenye dawa ya kusafishia hupitishwa ndani ya mtutu, ikianzia upande wa chemba kama umbo la bastola linaruhusu, kuondoa masizi ya baruti. Fuatisha vitambaa mpaka kimoja kitoke safi. Paka mafuta kidogo sana panaposuguana. Mafuta mengi hunasa vumbi, na yakifika kwenye risasi huweza kuiharibu. Fungua dirisha, na ukimaliza nawa mikono kabla ya kushika chakula, kwani masizi yale yana madini ya risasi, nayo ni sumu.

Huku pwani chumvi ya hewa huleta kutu upesi. Kitale, iliyo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ina mvua na usiku wa baridi. Chuma kikiingia nyumba yenye joto hutoka jasho. Kote kuwili, usiiache bastola ndani ya mkoba wa ngozi, maana ngozi huhifadhi unyevu.

Ikiharibika, usimpelekee fundi wa mtaani. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka mwenye biashara ya kutengeneza silaha awe amesajiliwa. Na Bungoma jambo hili halina mzaha. Huko Mlima Elgon, kati ya 2006 na 2008, watu wengi waliuawa na wengine kuhama makwao kwa ajili ya wapiganaji wa SLDF na kisha operesheni ya jeshi. Ami alikuwa akifunga dirisha kabla ya kuitoa bastola yake, jirani asiione akakumbushwa msiba wake.

Dini yetu imetukataza kumwelekezea ndugu silaha hata kwa mzaha. Silaha ni amana, na mwenye amana huangalia mara mbili. Tangu siku ile ami hakuifungua tena penye mtoto, na alipomaliza aliifungia sandukuni, ufunguo akatembea nao.