Picha Ile Ile, Kibandiko Kingine

Mwaka 1917 mchoraji Mholanzi Piet Mondrian alitoa picha ya vijistari vyeusi, vya wima na vya mlalo, vilivyotandazwa ndani ya umbo linalokaribia duara. Karibu nusu karne baadaye A. Michael Noll, mhandisi wa maabara za Bell nchini Marekani, aliiandikia kompyuta programu ya kuchora picha ya namna hiyo hiyo, vijistari vikipangwa kwa kubahatisha. Akawaonyesha watu 100 nakala za picha zote mbili bila kuwaambia ipi ni ya nani. Asilimia 59 walivutiwa zaidi na kazi ya kompyuta. Walioitambua kuwa ya kompyuta walikuwa asilimia 28 tu.

Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1966, yana jambo zito kuliko asilimia zenyewe. Wengi walidhani mpangilio nadhifu wa Mondrian ndio wa mashine, na ule mtawanyiko wa kompyuta wakauhesabu kuwa ubunifu wa binadamu. Vichwani mwao msanii ni mtu asiyefuata rula, wakamtafuta huyo kwenye karatasi.

Leo mashine ni hodari zaidi, lakini jicho bado huongozwa na habari liliyopewa kabla ya kutazama. Katika utafiti wa Lucas Bellaiche na wenzake wa mwaka 2023, picha zote zilikuwa za akili mnemba. Baadhi zikabandikwa tu maelezo kwamba zimechorwa na mtu. Hizo ndizo zilizopata alama za juu, hasa watazamaji walipoulizwa juu ya kina cha maana na thamani ya kazi.

Wala hawakuwa wakijifanya. Mwaka 2009 Ulrich Kirk na wenzake walipima ubongo wa watu waliokuwa wakitazama picha za kidhahania. Picha iliyosemekana imetoka katika jumba la sanaa ilipendwa kuliko iliyosemekana ni ya kompyuta, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha ilichangamka zaidi. Raha yenyewe ndiyo iliyobadilika.

Kuwaita watazamaji hao wabaguzi ni kuwaonea. Atazamaye picha hutazama pia kazi ya mtu: mkono uliosita, uamuzi wa kufuta na kuanza upya. Jason Allen, aliyeshinda kwenye maonyesho ya Jimbo la Colorado mwaka 2022 kwa picha ya akili mnemba, alilijua hilo. Alieleza kwamba aliipa programu ya Midjourney maagizo yasiyopungua 624. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani haikushawishika, ikakataa kuisajili picha hiyo mwaka 2023.

Kisha mpiga picha Miles Astray akageuza mchezo. Mwaka 2024 aliingiza picha halisi ya heroe aliyeficha kichwa katika kundi la akili mnemba la shindano la picha la 1839 Awards. Majaji wakaipa nafasi ya tatu, umma ukaipa ushindi wa kura. Alipofichua kwamba aliipiga kwa kamera, ikaondolewa. Waandaaji walitenda haki: washindani wengine waliingia kwa masharti ya kundi lile, na wapiga kura nao walistahili kujua wanachokipigia kura.