Gesi ya Makaa Ardhini: Moto Unawaka, Biashara Haijasimama

Kituo cha umeme cha Majuba, mali ya Eskom katika jimbo la Mpumalanga, Afrika Kusini, kina uwezo wa zaidi ya megawati 4,000 na kilikusudiwa kutumia makaa ya mawe ya hapohapo. Wachimbaji waliposhuka walikuta miamba migumu imeyakatakata matabaka ya makaa. Mgodi ukafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na makaa yakawa yanasombwa kutoka mbali kwa malori na treni.

Ndipo Eskom ikajaribu kuyageuza makaa kuwa gesi yakiwa hukohuko chini. Huchimbwa visima viwili hadi kwenye tabaka: kimoja hupuliziwa hewa, au oksijeni na mvuke, makaa yakawashwa, cha pili hutoa mchanganyiko wenye haidrojeni, kaboni monoksaidi na methani. Hakuna anayeshuka shimoni. Moto uliwashwa Januari 2007, na Oktoba 2010 gesi ikachomwa ndani ya boila za Majuba. Mwaka 2011 uzalishaji ulisimama.

Tatizo la kwanza ni hesabu. Gesi inayotokana na hewa ya kawaida haifikishi hata robo ya joto la gesi asilia kwa ujazo uleule, hivyo hailipi kuisafirisha mbali. Oksijeni huiboresha, lakini mtambo wa oksijeni ni ghali. Angren, nchini Uzbekistan, gesi hiyo ilianza kuzalishwa mwaka 1961 kwa sababu kituo cha umeme kiko jirani. Miradi mingine mingi iliishia kwenye majaribio.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Shinikizo ndani ya tundu linaloungua lazima libaki chini ya shinikizo la maji yanayolizunguka. Likizidi, gesi hupenya kwenye miamba pamoja na sumu kama benzeni na fenoli. Kampuni ya Linc Energy ilifanya majaribio Chinchilla, katika jimbo la Queensland, Australia, kuanzia 1999 hadi 2013. Serikali ya jimbo ilipogundua gesi imevuja, ilitenga eneo la zaidi ya kilomita za mraba 300, na wakulima wakakatazwa kuchimba zaidi ya mita 2 bila ruhusa. Fikiria mkulima anayetaka kisima cha kunyweshea ng'ombe wake. Mwaka 2016 Queensland iliipiga marufuku teknolojia hiyo. Miaka miwili baadaye mahakama iliikuta Linc na hatia ya makosa matano ya kuharibu mazingira na kuitoza faini ya dola milioni 4.5 za Australia, wakati kampuni imekwisha kufilisika.

Naamini uhandisi wake unaweza kuboreshwa. Lakini serikali yoyote itakayoombwa kibali idai kwanza fedha za kusafisha ardhi na maji ziwekwe benki, pasipoguswa na ufilisi wa kampuni, kabla kisima cha kwanza hakijachimbwa.