Runx ya mbio nayo ni usajili: anza na beki, straika baadaye

PAMBA Jiji iliporejea Ligi Kuu Bara msimu wa 2024/25, Simba na Yanga zote zilikuja kucheza nayo CCM Kirumba, Mwanza. Kwa shabiki wa Bariadi hiyo ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo: lami ya zaidi ya kilomita 70 hadi Lamadi, kisha barabara kuu kupitia Nyashimo, Magu na Kisesa mpaka jijini.

Ndiyo maana kijana wa Simiyu akishauza pamba au dengu, ndoto inakuwa ndinga fupi yenye injini kali. Masela wanne wanachanga wese, yeye anashika usukani.

Moja ya ndinga hizo ni Toyota Corolla Runx Z Aerotourer. Runx nyingi za mtaani zina injini ya 1,500cc. Hii ina 1,800cc, injini ya 2ZZ-GE ambayo Toyota waliitengeneza pamoja na Yamaha, yenye nguvu za farasi 190. Ikifika mizunguko kama 6,000 kwa dakika inabadilika kabisa, kama straika aliyelala kipindi cha kwanza halafu anaamka na mabao mawili.

Tatizo ni umri. Runx zilitengenezwa kati ya 2001 na 2006. Hapa hasajiliwi chipukizi, anasajiliwa mkongwe mwenye magoti yake.

UMRI FEKI
Mtaani gari linapimwa kwa herufi ya namba. Namba D ina heshima, namba E ndiyo usiseme. Lakini herufi hiyo inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, haionyeshi lini lilitoka kiwandani. Gari la 2003 linaweza kuvaa namba D bila shida. Ni kama beki mwenye cheti cha miaka 21 na mtoto aliye sekondari. Ukweli uko kwenye namba ya chesisi na kadi ya gari.

Vipimo vya afya navyo vifanyike kabla ya dau kutoka. Fundi asiwe wa dalali. Gari liwashwe asubuhi injini ikiwa baridi, moshi uangaliwe, oili ipimwe. Injini za mwanzo za 2ZZ zinajulikana kwa boliti za juu kulika, na zikilika ule mlipuko wa mizunguko 6,000 haupo tena. Mnunuzi anakuwa amelipia straika, kapewa jina tu.

Faini za barabarani nazo ziangaliwe kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi. Deni la mwenye gari wa zamani lisije likahamia kwako.

BEKI KWANZA
Wengi wakishanunua wanakimbilia rimu kubwa, ekzosi ya kelele na kushusha gari chini. Hiyo ni timu yenye mastraika watano na kipa wa kuazima.

Mwendo ukitoka 50 hadi 100 kwa saa, umbali wa kusimama kwa breki hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Jaza watu watano, weka ng'ombe wanaovuka barabara jioni, hesabu inakuwa chungu zaidi. Kwa hiyo hela ya kwanza iende kwenye tairi, breki na shokapu. Inayofuata iende kwenye rejeta, feni na mipira ya maji, kwa sababu timu ikichemka inapoteza pointi, ila injini ikichemka inapoteza silinda hedi.

Na kushusha gari? Nje ya lami, kuelekea vijiji vya Itilima na Meatu, udongo mweusi wa mbuga ukilowa unakuwa utelezi, ukikauka unaacha makorongo. Sampo ya oili ikigonga hapo, msimu umeisha.

Hata mafuta si ya kubahatisha. Injini hii inabana sana na inataka petroli nzuri. Petroli ya kwenye madumu iachwe.

KUMWACHA AENDE
Kuna siku mkongwe lazima auzwe. Dalili zinajulikana: gari linashinda gereji kuliko barabarani, na kipuri kimoja kinasubiriwa wiki nzima kutoka Mwanza au Dar. Runx ya 1,500cc au IST haina mbwembwe, lakini vipuri vyake ni rahisi kupata na mafundi wanaijua kwa kufumba macho.

Straika anauzwa akiwa bado anafunga. Anayesubiri injini ife atauza bodi. Vifaa vya mwanzo vilivyotolewa wakati wa maboresho vitunzwe, maana wanunuzi wengi wanataka gari lililo kama lilivyotoka kiwandani. Na umiliki ubadilishwe TRA siku hizohizo, la sivyo faini za dereva mpya zitaendelea kusoma jina la zamani.

Mechi ikiisha Kirumba, watu watano wanarudi kwenye gari lilelile, na giza litawakuta kabla ya Lamadi. Saa hiyo hakuna anayeuliza farasi 190. Simu inayoita kwenye siti ya nyuma ni ya mama, na swali lake ni moja: mmefika wapi?