Petroli Inapovuja Chini ya Ardhi: Jinsi Udongo na Maji ya Kisima Yanavyochunguzwa

Tangi la petroli lililofukiwa chini ya kituo cha mafuta halionekani. Chuma chake kinaweza kuliwa na kutu miaka mingi pasipo mtu kujua, na mara nyingine anayegundua wa kwanza ni jirani anayeona kuwa maji ya kisima chake yana harufu ngeni. Jirani huyo huenda akafika katika zahanati na swali moja: je, maji haya yanafaa kunywewa? Jibu la hakika hupatikana kwa uchunguzi wa udongo na maji ya ardhini. Makala haya yanaeleza uchunguzi huo unavyofanyika, na la kufanya wakati majibu yakisubiriwa.

Ukubwa wa madhara ulionekana katika jiji la Santa Monica, jimbo la California, nchini Marekani. Mwaka 1996 jiji hilo lilifunga visima vyake vikuu baada ya kukutwa na MTBE, kemikali iliyokuwa ikichanganywa na petroli. Visima hivyo vilikuwa vikitoa takriban nusu ya maji ya kunywa ya jiji. Uvujaji katika vituo vya mafuta ulikuwa miongoni mwa vyanzo vya uchafuzi huo.

Petroli ikivuja, hushuka kwa uzito wake. Katika mchanga hupita kwa wepesi; katika udongo wa mfinyanzi hupita kwa shida, au hufuata nyufa. Sehemu yake hunasa katika udongo, nyingine hugeuka mvuke unaoweza kupenya hadi ndani ya nyumba, na iliyobaki hufika kwenye maji. Kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji, huelea juu yake. Lakini baadhi ya viambato vyake, hasa benzeni, huyeyuka ndani ya maji na kusafiri pamoja nayo. Bakteria wa udongoni huweza kuila benzeni panapokuwa na oksijeni ya kutosha, ilhali MTBE huyeyuka kwa urahisi zaidi, huoza polepole na hufika mbali.

Wachunguzi huanza na historia: umri wa matangi na mabomba, na hesabu ya mafuta yaliyoingizwa, yaliyouzwa na yaliyobaki. Kisha hutoboa ardhi na kuchukua udongo wa kila kina, ili wajue aina ya tabaka na mahali petroli iliponasa.

Hatua inayofuata ni kuchimba visima vyembamba vya uangalizi, visivyopungua vitatu na visivyo katika mstari mmoja. Kimo cha maji katika kila kisima hupimwa kwa kulinganishwa na alama moja ya pamoja. Vimo hivyo vitatu huonyesha maji yanaelekea upande gani. Hatua hii haikwepeki, kwa sababu mteremko wa maji ya ardhini si lazima ufanane na mteremko wa uso wa ardhi. Kisima kilicho mita chache kutoka kwenye tangi huenda kikawa salama, na kilicho mbali zaidi kikawa kimechafuka. Tena, kisima kinachovutwa kwa pampu yenye nguvu huweza kuyageuza maji yaelekee kwake. Ndiyo maana vipimo hurudiwa masika na kiangazi.

Sampuli za maji hujazwa katika vichupa vya kioo hadi juu, pasipo kuacha hata kiputo cha hewa, kisha huhifadhiwa katika baridi hadi maabara. Benzeni huruka upesi. Maji yaliyoletwa katika chupa ya soda iliyojaa nusu yanaweza kutoa majibu ya uongo kwamba hakuna tatizo.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha benzeni katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita. Marekani imeweka mikrogramu 5. Pua ya binadamu haiwezi kunusa benzeni kwa viwango hivyo. Kwa hiyo harufu ya petroli ni sababu tosha ya kuacha kutumia maji, lakini kukosekana kwa harufu si uthibitisho wa usalama.

Benzeni hudhuru uboho, na kukutana nayo kwa muda mrefu husababisha saratani ya damu. Hata hivyo, mhudumu wa afya asitegemee kipimo cha hesabu ya chembe za damu peke yake: majibu ya kawaida hayathibitishi kwamba mgonjwa hakukutana na benzeni, na upungufu wa damu una sababu nyingine nyingi. Aulize na kuandika kisima kiko wapi, kina chake, harufu ilianza lini, ilizidi baada ya mvua au la, na ni nani wengine wanaokitumia.

Mgonjwa aelezwe wazi kwamba maji hayo hayasafishwi kwa kuchemshwa. Kuchemsha huitoa benzeni kwenye maji na kuiingiza katika hewa ya jikoni, ambako mama na watoto huivuta. Dawa ya klorini huua vijidudu, lakini haiondoi petroli. Kitambaa cha kuchujia nacho hakisaidii. Familia iache kunywa, kupikia na kuogea maji hayo, itafute chanzo kingine, na isikaribishe moto wala sigara kwenye mdomo wa kisima. Mhudumu amwarifu afisa afya wa eneo pamoja na mamlaka ya maji, ili uchunguzi uanze na majirani wanaotumia visima vingine waonywe mapema. Kisima kisirudishwe katika matumizi kwa sababu tu harufu imepotea. Kisubiri vipimo vya maabara vilivyorudiwa zaidi ya mara moja.