Je, Wajua? Leza Hupima Kasi ya Maji

Kasi ya maji yanayotiririka inaweza kupimwa bila kutumbukiza kipimo ndani yake. Watafiti huyatia vitufe vya kioo, vidogo kuliko unene wa unywele, vinavyofuata mkondo. Leza iliyotandazwa kama shuka huvimulika mara mbili kwa haraka, na kamera hunasa picha mbili. Kitufe kikisogea milimita 0.2 ndani ya sehemu moja ya 10,000 ya sekunde, maji yanakwenda mita 2 kwa sekunde. Uzuri wa njia hii ni kwamba kompyuta hupata kasi ya sehemu nyingi kwa mpigo, hata pale maji yanapozunguka nyuma ya kizuizi. Mwaka 1904, miaka 56 kabla ya leza ya kwanza, Mjerumani Ludwig Prandtl alikwisha kutumia chembe za ulanga kuuona mkondo.