Maktaba yenye ngazi tatu ni ya nani?

Imeandikwa na mwalimu wa kujitolea, darasa la nne

Kwenye kikao cha wazazi cha mwezi uliopita tulitangaziwa kwamba chumba chetu cha maktaba kitafanyiwa ukarabati kabla ya mvua. Mabati yanayovuja yatabadilishwa, kuta zitapakwa rangi, na kuna fedha kidogo itakayobaki. Basi swali likazuka na halikuisha siku ile: hiyo fedha inunue vitabu vipya, ama itengeneze njia ya kuingilia? Kamati itaamua mwisho wa mwezi huu. Kwa hiyo ukurasa wetu wa leo unazungumzia jambo ambalo wengi wanaliona dogo, yaani namna mtu anavyoingia maktaba na anavyopata kitabu akishaingia.

NANI AMEBAKI NJE?

Chumba chetu kilijengwa juu kwa sababu ya maji ya mvua. Hiyo ilikuwa akili nzuri, vitabu havijawahi kulowa kwa chini. Lakini ndiyo maana mbele kuna ngazi tatu, na mlango ni mwembamba, na ndani rafu zinafika karibu na mabati. Mtu mwenye miguu mizima hazioni hata hizo ngazi. Anaruka tu anaingia.

Sasa tuhesabu wale wengine. Wapo waliopoteza mguu vitani. Wapo waliougua polio utotoni. Wapo wazee ambao macho yamekuwa mazito. Wapo watoto wenye ualbino ambao jua la dirishani linawaumiza macho. Wapo viziwi. Wapo wamama wajawazito, na wamama wenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Ukiwajumlisha wote, sio watu wawili watatu kama tulivyosikia kikaoni.

Darasani kwangu yupo mtoto anayetumia kiti cha magurudumu. Siku ya maktaba wenzake wanambeba, na yeye anacheka nao. Lakini siku ambazo wale wakubwa hawajafika shuleni, anasema leo hana hamu ya kusoma. Mimi najua hamu anayo. Anachokosa ni wa kumbeba, na mtoto mwenye umri wa miaka kumi na mmoja hapendi kila siku kuomba.

TUJIFUNZE KWA NAIROBI

Wengi wetu tuna ndugu Nairobi, wengine wako Kayole, wengine Kasarani. Katikati ya mji ule kuna jengo kubwa la mawe linaloitwa McMillan Memorial Library. Lilifunguliwa mwaka 1931, kwa kumkumbuka tajiri mmoja aliyeitwa William Northrup McMillan. Wakati huo lilikuwa la Wazungu peke yao. Mwafrika hakuruhusiwa kukaa ndani na kusoma. Mpaka mwaka 1958, baraza la mji lilipolichukua, ndipo lilifunguliwa kwa watu wote.

Hiyo ni historia ya kutufundisha. Sheria ya rangi iliondoka, watu wakashangilia. Lakini mbele ya jengo kuna ngazi pana, na sanamu za simba wawili zinalinda pembeni. Mtu wa kiti cha magurudumu akifika pale mwaka 1958, ruhusa anayo, ila ngazi ziko palepale. Ruhusa peke yake haikumwingiza.

Maktaba hiyo ina matawi mawili upande wa mashariki wa mji, yaani Kaloleni na Makadara. Kaloleni ni mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Kwa miaka mingi matawi hayo yalichakaa. Mwaka 2017 wanawake wawili Wakenya, Wanjiru Koinange ambaye ni mwandishi, na Angela Wachuka ambaye amefanya kazi ya uchapishaji, walianzisha shirika la Book Bunk ili kuzifufua maktaba hizo wakishirikiana na serikali ya kaunti. Kuna mambo mawili katika kazi yao ambayo sisi hapa tunaweza kuyachukua. La kwanza, walianza na matawi madogo ya mitaani kabla ya kulimaliza jengo kubwa la mjini. La pili, waliwauliza wakazi wa mitaa ile maktaba wanayoitaka iwe ya namna gani. Leo matawi yote mawili yamekarabatiwa na watoto wa mtaani wanayatumia.

Sisi pia chumba chetu ni kidogo. Udogo huo usituvunje moyo, maana jengo dogo ni rahisi kulirekebisha kuliko kubwa.

KAZI YENYEWE IKOJE?

Watu wakisikia ukarabati kwa ajili ya wenye ulemavu wanafikiri ni vitu vya Ulaya, lifti na mashine. Hapana. Nimekaa na mafundi wetu wa ujenzi, na haya ndiyo mambo yenyewe.

Njia ya mteremko. Mafundi wanaiita rampu. Kanuni yake ni rahisi: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita kumi na mbili za urefu. Ngazi zetu tatu, kila moja ina sentimita 15, jumla ni 45. Ukizidisha mara 12 unapata sentimita 540, yaani mita tano na nusu hivi. Ukiijenga fupi ya mita mbili ili kuokoa saruji, itakuwa kali sana. Mtu atarudi kinyumenyume, na anayemsukuma ataumia mgongo. Upana usipungue sentimita 90, na mita moja na robo ni bora zaidi. Juu, mbele ya mlango, pawe na uwanja tambarare wa mita moja na nusu ili kiti kigeuke. Pembeni pajengwe ukingo mdogo gurudumu lisidondoke, na pawekwe bomba la kushikilia. Saruji isilainishwe kama sakafu ya nyumbani, iachwe na mikwaruzo, maana mvua ikinyesha itateleza.

Mlango. Nafasi ya kupita iwe angalau sentimita 80, na ikifika 90 tutashukuru. Kizingiti kiondolewe. Kitasa kiwe cha kusukuma chini, sio cha duara cha kuzungusha, maana mwenye mkono dhaifu hawezi kukizungusha.

Rafu na meza. Vitabu vya watoto vishuke chini ya sentimita 120, hapo mtu aliyekaa anafikia. Vile vya juu viwe vya akiba. Kati ya rafu na rafu kiti kipite bila kukwama. Meza moja, sio zote, ijengwe juu kidogo ili magoti ya aliyekaa kwenye kiti yaingie chini yake, karibu sentimita 70 kutoka sakafuni. Jambo hili halihitaji hata fedha mpya, seremala anaweza kuongeza miguu ya meza ya zamani.

Mwanga na rangi. Tunapaka rangi kwa vyovyote, basi tupake kwa akili. Ukingo wa kila ngazi uchorwe mstari mweupe ama wa njano, mwenye macho dhaifu auone. Fremu ya mlango iwe na rangi tofauti na ukuta. Mtoto mwenye ualbino apewe kiti ambacho dirisha liko nyuma yake, sio usoni.

Wale wasioona kabisa. Njia ya mteremko haitawasaidia kama ndani hakuna cha kusoma. Maandishi ya nukta nundu yalibuniwa na Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, na yanatumia nukta sita tu. Vitabu vyake ni vikubwa na ni vya gharama. Lakini kuna njia nyingine: vijana wetu wenye sauti nzuri wasome hadithi na masomo kwa Kiswahili, wairekodi kwenye simu, na iwekwe maktaba. Watu wengine wanaogopa kwamba ni kosa kunakili kitabu cha mtu. Mwaka 2013 nchi nyingi zilikubaliana mkataba huko Marrakesh, Moroko, unaotaka sheria ziruhusu vitabu vigeuzwe kwa ajili ya watu wasioona bila kumwomba kwanza mwenye haki. Mkataba ulianza kufanya kazi mwaka 2016, na Kenya ilijiunga mwaka 2017.

Viziwi. Ratiba na matangazo ya maktaba yaandikwe na kuchorwa picha, yasitangazwe kwa mdomo peke yake. Na anayekaa maktaba ajifunze japo salamu na maneno machache ya ishara.

Choo. Tusijidanganye hapo. Kama mtu anaweza kuingia maktaba lakini hawezi kuingia choo, atakaa nusu saa arudi nyumbani.

MASWALI TULIYOYASIKIA KIKAONI

“Vitabu kwanza, mlango baadaye.” Hoja hii ina uzito, sote tunajua watoto wanne wanagawana kitabu kimoja. Lakini vitabu vinaweza kuongezeka kila mwaka, kwa misaada au kwa kuchangishana. Fundi akishamaliza ukarabati na saruji ikakauka, nani atarudi kuvunja ukuta? Mlango ambao hatukuupanua safari hii tutakaa nao miaka.

“Watoto watafanya rampu mahali pa kuteleza.” Kweli, watateleza. Wanateleza hata kwenye ngazi. Mwalimu na mzazi wapo kwa kazi hiyo.

“Si wawe wanasomewa nyumbani?” Wasomewe, ni vizuri. Lakini maktaba sio vitabu tu. Ni mahali pa kukaa na wenzako, kuchagua mwenyewe, kukosea kitabu na kurudisha. Mtoto anayeletewa kitabu nyumbani anasoma kile alichochaguliwa na mtu mwingine.

“Baiskeli za magurudumu matatu ni kubwa, haziingii popote.” Ni kweli, zile za kuzungusha kwa mikono ni kubwa, na si rahisi kuziingiza ndani. Kwa hizo tunapendekeza kivuli cha kuegesha pale juu mbele ya mlango, na kiti kimoja cha kawaida cha magurudumu kiwe kinangoja ndani.

SIO HURUMA TU

Ndugu zangu, kuna wanaosema hili ni jambo la huruma. Huruma ni nzuri, lakini inachoka. Tarehe 13 Desemba 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Kifungu cha 9 kinasema juu ya kufikika kwa majengo na habari. Kifungu cha 30 kinazitaja maktaba kwa jina. Na kifungu cha 11 kinawataja watu walio katika vita na majanga, maana yake hata sisi wakimbizi hatukusahauliwa. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania 2009, Burundi 2014, na Kongo yetu 2015. Kwa hiyo mzazi anayeuliza njia ya mteremko iko wapi, anauliza kitu ambacho nchi yake imeshakubali.

TUNAWAOMBA NINI?

Kwanza, kila kiongozi wa bloku atuletee idadi ya watu wa kwake ambao wanapata shida kuingia maktaba, watoto kwa wakubwa. Msiandike majina, idadi inatosha pamoja na aina ya shida.

Pili, watu wenyewe wenye ulemavu waje kwenye kikao cha kamati, sio wasemewe. Tumeomba kikao kifanyike chini ya mti, sio ndani ya chumba, kwa sababu ambayo sasa mnaielewa.

Tatu, mawe na mchanga tunaweza kubeba sisi wenyewe, vijana wa darasa la saba na la nane wameshakubali kutoa Jumamosi mbili. Tukipunguza gharama hiyo, fedha inayobaki itatosha saruji, na pengine vitabu vichache pia vitapatikana.

Na nyumbani, baada ya chakula cha jioni, wababa na wamama tuzungumze na watoto maswali haya:

1. Katika bloku yetu, nani hajawahi kuingia maktaba? Tumeshawahi kumuuliza kwa nini?

2. Ukiwa umevunjika mguu leo, ni sehemu gani za kambi hutaweza kufika?

3. Sisi kama familia tunaweza kutoa nini: mawe, siku moja ya kazi, au sauti ya kusoma hadithi?

Majibu yaleteni shuleni kabla ya tarehe 25. Mtakaoshindwa kuandika, mtumeni mtoto aseme kwa mdomo, tutaandika.