Kazi ya Watafiti: Swali Moja, Njia Nyingi

Litajwapo neno "utafiti," watu wengi humfikiri mtu aliyevaa koti jeupe, ameinama juu ya chupa za dawa. Mtu huyo yupo, na kazi yake ni kubwa, lakini hayuko peke yake. Asomaye barua ya kale na kuilinganisha na nyingine ni mtafiti. Ahesabuye vigae vya vyungu vilivyovunjika miaka mia saba iliyopita ni mtafiti. Kadhalika yule apimaye mvua, yule akusanyaye maneno ya lugha, na yule aendaye hospitali hata hospitali akiuliza swali lile lile. Vyombo vyao ni mbalimbali, lakini kanuni zao ni za namna moja.

Kanuni ya kwanza ni kuuliza swali ambalo laweza kujibiwa. Ya pili ni kutafuta ushahidi, hata ule unaopinga fikira za mtafiti mwenyewe. Ya tatu ni kuonyesha wazi jinsi jibu lilivyopatikana, ili wengine wapate kulijaribu na, likiwa na kosa, kulikataa. Habari isiyokubali kujaribiwa yaweza kuwa ya kweli, lakini bado haijawa elimu.

Mifano miwili ya Afrika Mashariki itasaidia kulieleza jambo hili. Mmoja ni wa uganga, na mwingine ni wa mambo ya kale. Katika yote miwili hapakuwa na mtaalamu mmoja aliyeweza kulipata jibu lote peke yake.

UVIMBE WA TAYA

Mwaka wa 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji aliyeitwa Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa amtazame mtoto wa miaka mitano hivi. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini. Burkitt alishangaa, kwa kuwa jipu la usaha si kawaida yake kuzuka mahali pane kwa wakati mmoja, wala saratani, ambayo wengi huiita kansa, haikujulikana kuanza hivyo. Baada ya majuma machache, alipokuwa katika hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama ule. Ajabu moja yaweza kupita; ajabu mbili zataka kuulizwa.

Aliporudi Mulago alifungua kumbukumbu za wagonjwa, akakuta kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe mwingine tumboni. Madaktari waliotangulia walikuwa wameandika kila uvimbe kwa jina lake, kana kwamba ni magonjwa mengi. Yeye akaona ya kuwa ni ugonjwa mmoja. Mwaka wa 1958 alitangaza habari hiyo katika jarida la madaktari wapasuaji la Uingereza.

Baada ya hapo alifanya kazi isiyohitaji kisu wala dawa. Alipeleka barua zenye picha kwa hospitali za serikali na za misioni katika nchi nyingi za Afrika, akiuliza kama ugonjwa ule umeonekana huko. Kila jibu alilolipata alilitia alama katika ramani. Alama zile zikafanya kama mshipi uliopita katikati ya Afrika. Sasa swali likawa jingine: mbona ugonjwa upo hapa, na pale haupo?

Mwezi wa Oktoba 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala katika gari kuukuu. Kwa muda wa majuma kumi walisafiri maili 10,000 hivi, mpaka Afrika Kusini na kurudi, wakiingia hospitali baada ya hospitali. Walikuta ya kwamba karibu na ikweta ugonjwa ulikuwa haba mahali palipo juu ya futi 5,000, na kadiri walivyokwenda kusini mpaka huo ulishuka chini zaidi. Kadhalika ulikuwa haba katika nchi kavu. Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu aliyekuwa akifanya kazi Entebbe, alitambua maana yake: kilichouzuia ugonjwa si urefu wa mlima bali baridi. Mahali penye joto na mvua nyingi ndipo ulipokaa, na hapo ndipo wakaapo mbu waletao malaria.

Mapema mwaka ule ule, mwezi wa Machi, Burkitt alikuwa ametoa hotuba London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein, mtaalamu wa virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa hadubini ya kawaida. Epstein aliomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege. Kwa muda mrefu hakuona kitu. Hatimaye, kwa kutumia hadubini ya elektroni, yeye pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr waliviona virusi ambavyo havijapata kuonekana kabla ya hapo, wakatangaza habari hiyo mwaka wa 1964. Hivyo vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya wanadamu.

Hata hivyo kazi haikuisha. Baadaye iligunduliwa kwamba virusi hivyo vimo katika miili ya watu wengi sana duniani, na walio wengi havipati kuwaletea saratani. Ndipo wataalamu waliporudi kuitazama ile ramani. Malaria inayomshika mtoto mara kwa mara hudhoofisha ulinzi wa mwili wake juu ya virusi vile, na huku huzichochea chembe fulani za damu zizaane kwa wingi. Nao wachunguzi wa urithi wakakuta katika chembe za uvimbe ule kwamba vipande vya nyuzi mbili za urithi vimebadilishana mahali, na kwa sababu hiyo chembe huzaana bila kizuizi.

Basi msomaji ahesabu ni watu wa kazi gani waliohitajiwa: mpasuaji, waandishi wa kumbukumbu za hospitali, mchora ramani, wapima mvua, wajuzi wa mbu, wataalamu wa virusi, na wajuzi wa urithi. Wakati huo huo Burkitt na wenzake walijaribu dawa, wakaona uvimbe ukiyeyuka upesi, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Ugonjwa huu hukua kwa haraka mno, lakini mtoto aletwaye mapema ana tumaini kubwa la kupona. Hatari yake ni kukawia. Mzazi aonaye taya au tumbo la mtoto linavimba, au meno yake yanalegea bila sababu, asingoje: ampeleke hospitali mara moja.

NANI ALIYEIJENGA MIJI YA PWANI?

Mfano wa pili hauhusu uhai wa mtu bali heshima yake. Katika msitu ulio karibu na Watamu, kusini ya Malindi, yako magofu ya mji wa Gedi. James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka wa 1948, akafunua jumba la kifalme, misikiti, visima, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Vilipatikana pia shanga na vyombo vya kaure kutoka China.

Miaka ile wataalamu wengi wa Ulaya walidhani ya kuwa miji ya namna hii ilikuwa kazi ya wageni kutoka Arabuni na Uajemi, na kwamba Mwafrika alikuwa mtumishi tu. Dhana hiyo haikukaa vitabuni peke yake. Chini ya sheria za ukoloni, kuhesabiwa Mwarabu au kuhesabiwa mwenyeji kulibadili kodi na haki za mtu. Kwa hiyo swali la asili ya Waswahili liliingia mpaka majumbani mwa watu.

Shahidi wa kwanza ni maandishi. Historia ya Kilwa, iliyohifadhiwa kwa Kiarabu na pia katika kitabu cha Mreno João de Barros cha mwaka 1552, inasimulia habari za watawala wa kwanza wa Kilwa waliotoka Shirazi. Wataalamu wengi waliiona kuwa hadithi iliyotungwa ili kuwatukuza watawala.

Shahidi wa pili ni lugha. Kiswahili kina maneno mengi ya Kiarabu, lakini mifupa yake ni ya Kibantu. Mtu husema mti na miti, kisu na visu, nasi twajua ya kuwa Kiarabu hakina mpango huo. Ndugu zake wa karibu ni Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Derek Nurse na Thomas Spear walieleza ushahidi huu katika kitabu chao cha mwaka 1985 juu ya historia ya Waswahili.

Shahidi wa tatu ni jembe la mchimbuaji. Tangu mwaka 1980 Mark Horton alichimbua Shanga, katika kisiwa cha Pate. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti mingine ya zamani zaidi, mmoja chini ya mwingine, na ya chini kabisa ilikuwa midogo, iliyojengwa kwa miti, ya karne ya nane. Vyungu vingi vilivyopatikana vilikuwa vya kienyeji. Kumbe mji haukuletwa tayari kwa merikebu; ulikua polepole mahali pale pale, toka nyumba za miti na udongo hata nyumba za mawe.

Shahidi wa nne alikuja mwaka wa 2023. Wataalamu wa nchi mbalimbali, miongoni mwao Chapurukha Kusimba wa Kenya, walichunguza vinasaba, yaani alama za urithi zilizomo mwilini, katika mifupa ya watu 80 waliozikwa katika pwani ya Kenya na Tanzania na mahali pamoja pa bara. Mifupa mingine ilitoka Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara. Walikuta kwamba wengi wa watu wale wa pwani walikuwa na asili mbili. Upande wa akina mama ulikuwa hasa wa Kiafrika. Upande wa akina baba ulikuwa kwa sehemu kubwa wa Uajemi, pamoja na asili kidogo ya Kihindi, na mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Asili ya Kiarabu iliongezeka baada ya mwaka 1500.

Yafaa kutazama jinsi mashahidi hawa walivyosahihishana. Vinasaba viliitetea historia ya Kilwa, ambayo wasomi walikuwa wameidharau: wageni wa Uajemi walikuja kweli, wakaoa. Lakini lugha, vyungu na misikiti ya miti vyawakanusha wale waliodai kwamba wageni ndio waliofanya yote. Watoto wa ndoa zile waliongea lugha ya mama zao, katika miji ambayo misingi yake ilikwisha kuwekwa. Tena vinasaba navyo vina mpaka wake. Makaburi mengi yaliyochunguzwa yalikuwa ya watu wa daraja, na kutokana nayo haiwezekani kuwasemea wavuvi, wakulima na watumwa wote. Wala mfupa hauwezi kusema mtu alijiita nani.

SEHEMU YA RAIA

Mtu asiye mtaalamu naye ana sehemu yake. Ramani ya Burkitt isingekamilika kama wazazi wasingewaleta watoto wao hospitali, na kama wauguzi wasingeandika majina ya vijiji walikotoka. Vivyo hivyo, hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zilihifadhiwa kwa vizazi vingi na jamaa, wakizitunza sandukuni. Mwenye hati ya namna hiyo asiichome wala kuiacha iliwe na mchwa. Makumbusho na vyuo vikuu vyaweza kuipiga picha na kumrudishia. Aishiye karibu na magofu asichukue mawe yake kujengea, wala asichimbe akitafuta mali, kwa kuwa kigae kilichoondolewa mahali pake hakiwezi tena kueleza ni cha zamani gani.

Zaidi ya hayo, kila asikiaye habari mpya, iwe ya dawa au ya mababu, ana haki ya kuuliza: wamejuaje? Ni nani aliyelijaribu jibu hilo baada yao? Mtafiti mwaminifu hachukizwi na maswali hayo, maana ndiyo anayojiuliza mwenyewe kila siku kazini mwake.